Mara ya Saba

Siku ile Dabasso alimwacha mkewe mara tisa, na baada ya kila mara mkewe alirudi pale palipochorwa alama ya chaki, akasimama, akangoja aachwe tena.

La kulaumiwa kwanza lilikuwa gari. Sagal, mwigizaji ambaye ndiye hasa aliyepaswa kuachwa, alikuwa akitoka Nanyuki, na gari lililombeba likazima kabla ya Timau. Saa tano ikapita, saa sita ikaingia. Nyumba waliyoikodi pale Bulla Pesa, Isiolo, ili wapigie picha ilikuwa ya siku moja tu, na mwenyewe alikwisha kuchungulia mara mbili kuuliza kama watu hawa na nyaya zao wangeondoka kabla ya magharibi. Kithinji, mwongozaji wa mchezo wa televisheni, alikuwa akizunguka uani na simu mbili, moja kila sikio. Ndipo alipomwona Hawo, mke wa Dabasso, ameinamia sufuria ya maharagwe. Hawo alikuwa amepewa kazi ya kuwapikia watu wa kamera.

"Mama," Kithinji akamwita. "Yule msichana wetu hafiki leo. Na mimi nahitaji mgongo tu."

"Mgongo wa mbuzi?"

"Mgongo wako. Unavaa buibui, unasimama hapo, unaambiwa maneno, unalia kidogo. Uso wa Sagal tutaupiga siku ingine. Nitakuongezea elfu mbili."

"Buibui yangu ya kazi iko na kiraka begani."

"Kiraka hakionekani."

"Na nani ananiambia hayo maneno?"

"Si bwanako?"

Hawo akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa mwanamke wa kucheka, na kicheko chake kilisikika nyumba ya tatu. Akafunika sufuria, akajipangusa mikono, akaenda kuachwa.

*

Inafaa msomaji ajue ukurasa wa maneno ya siku ile ulikuwa na maana gani kwa Dabasso. Kwa miaka tisa ya kuigiza katika televisheni alikuwa amekuwa koplo wa polisi mara nne, mlinzi wa geti mara tatu, mwizi wa mifugo aliyepigwa risasi kabla hajafungua mdomo, na maiti. Katika mchezo huu, *Boma la Halkano*, alikuwa Galgalo, dereva wa tajiri. Kazi ya Galgalo ilikuwa kufungua mlango wa gari na kusema, "Sawa, mkubwa." Isiolo nzima walimwita hivyo. Akipita sokoni kwenye mifugo, ambako siku zisizo na kamera alikuwa dalali wa mbuzi, wauza miraa walimpigia saluti: "Sawa Mkubwa! Umefungua milango mingapi leo?" Naye alicheka pamoja nao, kwa sababu mtu asipocheka huongezewa.

Sasa waandishi wa Nairobi walikuwa wamempa Galgalo mke, na wakampa ukurasa mzima. Galgalo anagundua kwamba mkewe, Zeituni, ametoboa siri za tajiri wake. Anamfokea, anamwacha kwa talaka tatu. Dabasso aliubeba ukurasa ule mfukoni wiki mbili, mpaka ukakatika kwenye mikunjo.

Nyumbani, binti yao Tari akishalala, Hawo alikuwa akimsomea maneno ya Zeituni naye akijibu ya Galgalo. Ndivyo walivyofanya miaka yote tisa; Hawo ndiye aliyekuwa tajiri, mkuu wa polisi na jambazi, na alikuwa mkali kuliko mwongozaji yeyote. "Umenusa tena," angemwambia. Kwa maana Dabasso alikuwa na kasoro moja: kila alipotaka kusema neno lisilo lake, alivuta pumzi puani, fyut, kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua. Nakuam, fundi wa sauti, alikuwa akilalamika kila siku kwamba pua ile inaingia kwenye maiki.

Lakini kwenye ukurasa ule kulikuwa na mahali wawili hao hawakupasoma. Wakifika pale, Hawo aliinua mkono. "Hapo ruka. Sema 'na yale mengine.'" Dabasso akasema "na yale mengine," wakaendelea. Hawakuelezana kwa nini. Hakuna mtoto wa Kiislamu Isiolo ambaye hajasikia kwamba neno lile halichezewi kati ya mume na mke.

Nyumbani, basi, akili walikuwa nayo. Mbele ya kamera akili ikawapotea wote wawili.

Si kwamba Dabasso hakujaribu. Alimvuta Kithinji pembeni. "Hilo neno hatuwezi kubadilisha? Niseme tu 'toka nyumbani kwangu'?"

"Skripti imepitishwa Nairobi. Mimi siwezi kubadilisha, na wewe huwezi."

"Lakini huyu ni bibi yangu."

"Ndiyo vizuri. Hamtaoneana haya."

Kithinji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mmeru wa kanisa, alifunga ndoa kwa kengele na cheti, na kwake ndoa haikuwa kitu cha kuvunjwa kwa mdomo. Nakuam alikuwa Mturkana, naye hivyo hivyo. Waliolijua jambo lile pale uani walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa ndiyo kwanza apewe ukurasa mzima, na mwingine alikuwa akiwaza maharagwe.

"Maliza haraka," Hawo akamwambia mumewe. "Nimeacha jikoni moto."

Mara ya kwanza Hawo alicheka. Mara ya pili likapita lori la mbuzi. Mara ya tatu Dabasso alinusa, Nakuam akatikisa kichwa. Mara ya nne adhana ya adhuhuri ikaanza katikati ya neno, wakasimama kimya mpaka ikaisha. Na hata hapo, jamani, hakuna aliyeshtuka. Ya tano, wingu. Ya sita ilienda mpaka mwisho, lakini Kithinji akaja akamshika bega.

"Unasoma. Unasoma tu, Dabasso. Tafuta kitu kinakuuma. Kitu cha ukweli. Usiniambie ni nini."

Dabasso hakwenda mbali kukitafuta. Asubuhi ile, kwenye chai, Arero, kaka yake Hawo, alikuwa ameuliza shemeji atafanya nini safari hii kwenye televisheni. Hawo, huku akimimina chai, alijibu kabla yake: "Atafungua mlango wa gari. Miaka tisa, mimi nimeolewa na mlango wa gari." Arero alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Dabasso pia alicheka. Sasa alikitoa kicheko kile mahali alipokuwa amekificha, akakiangalia, na hasira ikampanda mpaka midomo ikawa baridi. Alitaka mwanamke yule aondoke. Alitaka asikisikie tena kicheko kile maishani mwake.

"Hawo," akasema. "Nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha."

Hawo hakulia alivyoagizwa. Mabega yake yalishuka tu.

Nakuam akavua vifaa vya masikioni polepole. "Hiyo sijasikia pua."

"Tumepata!" Kithinji akapiga makofi. "Hiyo ndiyo! Sasa mbili za akiba, tukakule."

Wakapiga ya nane na ya tisa. Maharagwe yalikuwa yameshika chini, lakini watu walikula.

Wakirudi nyumbani, Hawo alibeba sufuria kichwani. Kwenye kona ya msikiti akamgeukia mumewe.

"Umeniita jina langu."

"Nilijisahau."

"Mh."

Tangu Tari azaliwe, miaka sita, Dabasso alikuwa akimwita Mama Tari. Hawo alingoja kidogo kama aongeze neno. Dabasso hakuongeza, kwa kuwa alikuwa bado anawasikia watu wakimpigia makofi, na alikuwa na furaha kuliko siku yoyote aliyoikumbuka.

*

Kipindi kilitoka wiki tano baadaye, Jumapili saa moja na nusu. Dabasso alikuwa amewaalika majirani wote wa ploti. Waliketi kitandani, sakafuni, juu ya ndoo zilizogeuzwa. Mulki, jirani wa mlango wa pili, alileta hata mkeka wake. Hawo alikuwa amepika chai ya maziwa na mandazi, na alikuwa akipita na birika huku akiwaambia watu wasimzibe mumewe.

Galgalo akafungua mlango wa gari. "Sawa, mkubwa!" chumba kizima kikasema kabla yake, wakacheka. Kisha Galgalo akaingia nyumbani, na mbele yake akasimama mwanamke mwenye buibui, amewapa watazamaji mgongo.

"Haya, huo si mgongo wa Hawo?" Mulki akasema. "Kiraka kile kwenye bega, nimekishona mimi!"

Wakashangilia. Wakampigia Hawo makofi. Galgalo akaanza kusema, na chumba kikatulia, kwa sababu haikuwa sauti waliyoizoea. Hata watoto waliacha kutafuna. Dabasso alijiona kwenye kioo cha televisheni akadhani ni mtu mwingine, mtu mkubwa kuliko yeye, na machozi yakamlenga. Halafu mtu yule akasema, "Hawo. Nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha."

Muziki ukaingia. Hakuna aliyepiga makofi.

"Si amesema Hawo?" mtu akauliza kwa sauti ya chini.

"Amesema Zeituni."

"Mimi nimesikia Hawo."

Mulki alikuwa akimwangalia Hawo, na Hawo alikuwa amesimama na birika, chai ikimwagika kwenye mkeka wa watu. Mulki akaweka kikombe chake chini, kikiwa nusu. "Astaghfirullah," akasema, akamshika mwanawe mkono. Mmoja mmoja wakatoka, wakiaga kwa adabu kama watu wanaotoka matangani. Mandazi yalibaki sinia tele.

Dabasso akazima televisheni. "Ni mchezo, Mama Tari. Kila mtu anajua ni mchezo."

"Mimi nilijua siku ile ile," Hawo akasema. "Nilikuwa nasema, labda hawataiweka hiyo. Walipiga tisa. Kila usiku nilikuwa naomba waweke ingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa na furaha."

Usiku huo alilala na Tari chini, akampa mumewe kitanda.

*

Asubuhi Arero alifika kabla ya chai. Hakuketi.

"Salaam aleikum, shemeji. Sijui kama bado ni shemeji." Alisema akijaribu kucheka, ikashindikana. "Mama amesema nimlete Hawo nyumbani mpaka sheikh aseme. Watu wanapiga simu tangu jana. Hata Merti wanapiga."

"Arero, wewe unajua hiyo kazi yangu. Si nimewahi kuwa maiti? Mlinizika?"

"Ile maiti haikuwa na bibi hapo." Arero akatazama sakafu. "Walipiga mara ngapi?"

"Tisa."

"Na kila moja, tatu." Alihesabu kwa vidole, akaacha. "Ndugu yangu, mtu huachwa kwa tatu."

Hawo alikuwa tayari, na begi moja la nguo. Alimwachia Dabasso maziwa yaliyochemshwa na maagizo ya unga uko wapi. Tari aliuliza wanaenda kwa nyanya kulala siku ngapi. Dabasso alishika mlango wakapita. Alipogundua ameshika mlango, aliuachia kama umemchoma.

Sheikh Abdub wa msikiti wa mtaa alisema waje Ijumaa baada ya alasiri. Siku nne hizo Dabasso hakwenda sokoni. Alikwenda mara moja tu kwenye hoteli ambako Kithinji na watu wake walikuwa wamekodi vyumba, akamkuta na Nakuam mezani, wakila.

"Lakini sisi tungejuaje?" Kithinji akasema, na alikuwa amesikitika kweli, aliacha hata kula. "Ungeniambia. Si ungekataa tu?"

"Nilikuambia ni bibi yangu."

"Ulisema ni bibi yako. Hukusema utamwacha."

"Ulikuwa na tisa. Kwa nini ukachukua hiyo yenye jina lake?"

"Kwa sababu hizo zingine ulikuwa unafungua mlango wa gari, Dabasso. Hiyo ndiyo ulikuwa mwigizaji." Kithinji alisema hivyo kumsifu. "Hata Nairobi walipiga simu. Walidhani Hawo ni jina la nyumbani la Zeituni."

Akajitolea kumwandikia barua. Aliichapa pale pale kwenye kompyuta, akaenda nayo kwa watu wa mapokezi ikatolewa kwenye karatasi, akaipiga mhuri wa kampuni. Barua ilisema kwamba bwana aliyetajwa ni *mwigizaji msaidizi wa daraja la chini, asiye na ruhusa wala uwezo wa kubadilisha neno lolote, ambaye husema tu alichoandikiwa.* Dabasso aliisoma mara mbili. Ilikuwa barua ya kumwokoa, na kila mstari ulikuwa ukimpiga kofi.

"Iko sawa?" Kithinji akauliza.

"Iko sawa, mkubwa," Dabasso akajibu, ikamtoka tu.

Nakuam alimsindikiza mpaka nje. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa ametoka Ngaremara akiwa kijana kuja kubeba nyaya, akaishia kuwa na masikio bora kuliko wote. "Ndugu yangu," akasema, "mimi sauti zako zote ninazo, miaka mitatu. Ukitaka nifute hiyo, nafuta. Lakini watu wameshaisikia."

*

Nyumbani kwa Mumina, mama yake Hawo, walitandika mkeka chumba cha mbele. Sheikh Abdub aliketi katikati, mzee mwembamba aliyekuwa na simu yake imefungwa kwa mpira. Mumina na Hawo waliketi upande mmoja, Dabasso na Arero upande wa pili. Tari alikuwa amepelekwa kwa majirani.

Sheikh aliisoma barua akiisogeza mbali na macho. "Ni barua nzuri," akasema. "Tena inatusaidia. Mtu akisoma maneno ya mtu mwingine, akasimulia yaliyoandikwa, hajaacha mke. Angekuwa anaacha, walimu wa madrasa tungebaki bila wake. Hapo wanavyuoni wametupa nafasi." Akainua macho. "Maneno uliyosema yalikuwa kwenye karatasi?"

"Yalikuwa, sheikh."

"Yote?"

Dabasso akaitazama barua.

"Hilo jina Hawo lilikuwa kwenye karatasi?"

"Halikuwa. Karatasi ilisema Zeituni."

"Basi jina lilitoka wapi?"

"Lilitoka kwangu."

"Jina lilitoka kwako," sheikh akarudia polepole, bila ukali. "Sasa ninachotaka kujua ni kama hayo mengine pia yalitoka kwako. Hapo mimi sioni, barua haioni, na hiyo kamera haioni. Ni wewe na Mola wako. Nakuuliza mbele ya hawa: wakati unasema, moyoni ulinuia kumwacha mke wako? Ukiapa hukunuia, mimi nitawaambia watu hivyo, nitasema hata msikitini, na mwanamke arudi nyumbani kwake leo."

Kila mtu chumbani alitaka aape. Arero alitaka, hakuwa na chumba cha kumlaza dada na mtoto. Mumina alitaka, midomo yake ilikuwa ikitembea kwa dua. Sheikh mwenyewe alikuwa amekwisha kuikunja barua. Na Hawo alikuwa amekuja na begi lake, liko nyuma ya mlango, limefungwa zipu.

Dabasso alimpenda mkewe. Hilo hakulitilia shaka siku yoyote, na siku nne za kulala peke yake na unga asioujua kuupika zilikuwa zimemkumbusha vizuri. Lakini hakuulizwa kama anampenda. Aliulizwa habari ya pumzi moja, adhuhuri moja, kwenye ua wa watu. Na katika pumzi ile alikuwa ametaka aondoke. Alikitafuta kile kinachouma kama alivyoagizwa, akakipata, akakitumia, na kwa mara ya kwanza maishani watu wakamwambia ameigiza. Sasa kama ile ilikuwa kuigiza, alikuwa salama. Na kama haikuwa, basi hajawahi kuigiza hata siku moja. Mwenyewe hakujua. Aliyaona macho ya wale watu wanne, akajua tu wanangoja neno gani.

Akavuta pumzi puani. Aliisikia mwenyewe.

"Wallahi, sheikh, sikunuia."

Ilikuwa imetoka vizuri, sauti imetulia, uso umeinuka. Sheikh akapumua. "Alhamdulillahi. Basi, ndugu zangu..."

"Amenusa," Hawo akasema.

Wote wakamgeukia. Hakuna aliyeelewa, ila mmoja, na huyo aliinamisha kichwa.

"Umesemaje, binti yangu?"

"Sheikh, mimi nimemsomea huyu mtu miaka tisa. Kila kitu amewahi kusema kwa televisheni, amesema kwangu kwanza. Nikimjua kwa kitu, namjua kwa hicho. Akisema neno si lake, ananusa. Neno lake la ukweli halina pua." Alikuwa akiongea bila kumwangalia mumewe. "Ile siku, mara sita alinusa. Ya saba hakunusa. Leo amenusa."

"Hawo!" Mumina akamshika mkono. "Mtu ameapa!"

"Pua si ushahidi," Sheikh Abdub akasema. "Hakuna kitabu kinasema pua ni ushahidi. Mimi nimepokea kiapo chake."

"Kwako si ushahidi, sheikh. Mimi ndiye nitalala kando yake. Kila usiku nitakuwa najiuliza, huyu ni bwanangu ama ni mtu tu? Nikipata mtoto mwingine, nitamwangalia usoni nimwone ni wa nini?" Hapo sauti ikamkatika, akalia, na hakulia kidogo. "Nilikuwa nimefunga begi ya kurudi. Mnaiona hapo. Nilikuwa namwomba Mungu leo aseme bila kunusa. Angesema hata uongo, mradi asinuse, ningerudi."

Dabasso alitaka kumwita. Jina lilikuja mpaka kwenye meno: Hawo. Akaona hawezi kulisema. Aliona haya hata kulitumia.

"Mama Tari," akasema. "Ilikuwa ni ile maneno ya asubuhi. Ya mlango wa gari. Iliniuma."

"Najua," Hawo akasema. "Nilijua uliponiita. Nisamehe kwa hiyo." Akajipangusa uso kwa shela. "Lakini uliniacha."

Sheikh aliikunjua barua, akaikunja tena. Mwishowe akasema kwamba yeye hawezi kutamka ndoa imevunjika, kwa sababu mume ameapa; wala hawezi kumrudisha mwanamke kwa nguvu kwenye kitanda anachoamini ni haramu. Waende kwa kadhi. Kadhi angetaka mashahidi, angetaka picha yenyewe, pengine angeuliza wakubwa wake Mombasa. Ingechukua miezi. "Kwa sasa akae hapa kwa mama yake," akasema, "na wewe, mwanangu, uwe unaleta matumizi ya mtoto." Alisimama kwa shida, na hakuwa na furaha hata kidogo kwa alichosema.

Arero alimtoa Dabasso mpaka barabarani. Walisimama kama watu wawili wanaongoja gari, na hawakuwa wanangoja gari.

"Ungekohoa kwanza," Arero akasema. "Ungekohoa, asingesikia."

*

Jumatatu Dabasso alirudi sokoni. Ajabu ni kwamba hakuna aliyempigia saluti. Wauza miraa walimsalimu kwa jina lake, wakampisha njia, na alitamani mmoja wao amwite Sawa Mkubwa walau mara moja.

Alikuwa ameshika beberu mguu wa nyuma, mnunuzi akimkagua meno, simu ilipolia.

"Dabasso!" Ilikuwa sauti ya Kithinji, na nyuma yake kelele za barabara. "Umeketi? Nairobi wameandika. Ile sehemu imetazamwa kuliko zote. Watu wanamtaka Galgalo. Sasa anajuta, anaenda kumwomba mke wake msamaha, anakataliwa, anaenda tena. Wamekuandikia kurasa kumi na mbili. Kumi na mbili, buda! Unanisikia?"

"Nasikia."

"Sikia sasa. Sagal yuko, uso tutapiga Nanyuki. Lakini mgongo lazima ufanane, watu wameushika ule mgongo, na kile kiraka. Bado namhitaji yule mama. Hayo mambo yenu si yaliisha? Si sheikh aliona barua?"

Mnunuzi aliachia mdomo wa beberu, akataja bei. Dabasso alimwonyesha kwa mkono angoje. Kurasa kumi na mbili. Zingemchukua mwezi kuzishika, kila usiku, na lazima awepo mtu wa kumsomea upande wa pili.

"Dabasso? Uko? Mkeo atakuja?"

Dabasso akavuta pumzi puani, na hapakuwa na mtu karibu wa kumwambia amenusa.

"Sawa, mkubwa," akasema. "Atakuja."